Damu ya Mzee

Ramani niliichora mimi, ghorofa ya nne, Khuweir,
kiyoyozi kikinikoholea shingoni:
barabara zote za Sharqiya na kila wadi inayozikata,
kijani pakipitika,
damu ya mzee pakifurika.
Bwana Yarub akaitazama kwa mbali, kisha kwa karibu,
akasema, "Hii hata mtoto ataisoma."

Mtoto, labda.
Kaka'ngu Sleyum ana miaka arubaini na mmoja,
anaendesha lori la maji kutoka Ibra hadi vijiji vya mlimani,
na Ijumaa ile, vidole vya kulia bado vina wali,
aliishika simu yangu kwa kushoto
akaitazama kazi yangu ya miezi mitatu
kama mtu anayetazama ukuta.
"Nzuri," akasema. "Sasa wapi pamefungwa?"

Ndipo nikaikumbuka bendera.
Darasa la tatu, sikukuu ya taifa, kila mtoto na karatasi yake:
nyeupe juu, nyekundu kati, kijani chini.
Ya Sleyum, chini ya nyeupe, ilikuwa kijani tupu,
na mwalimu akamsimamisha uani hadi adhuhuri
kwa kosa ambalo hakuliona.
Hakuliona, nasema. Kwa macho.

Na tende? Wenzake walichagua kwa kutazama;
yeye huzibonyeza.
Bichi inagoma, mbivu inaitika.
Sisi tulimwita mzito.

Bibi yetu, aliyeshuka Maskati na masanduku mawili
na Kiswahili cha Unguja kisichoingia sandukuni,
hakuwahi kuitaja rangi ikiwa uchi.
Kijani ana jani lake, kahawia ana kahawa,
zambarau ana tunda, kijivu ana jivu la jikoni,
na ile nyekundu iliyokomaa, iliyoona mengi,
aliiita damu ya mzee.
Kwake rangi haikutembea peke yake,
ilishikwa mkono na kitu.
Mimi, msomi, nikaiacha njiani bila mtu,
na mawingu yanakusanyika Hajar.

Jumapili nikakigeuza kioo changu chote kijivu.
Ramani ikazimika.
Njia ya kufika na njia ya kuzama, jivu moja.

Nikafumua.
Iliyofungwa nikaitia michirizi ya mshazari, kama ukili,
iliyo wazi nikaiacha mstari mmoja mnene,
na juu ya kila moja neno: PITA. RUDI.
Kijani nikaiaga, nikaleta samawati na chungwa
ambazo jicho lake haliziiti ndugu.
Maandishi yale membamba, ya majivumajivu, niliyoyaonea fahari,
nikayakoza mpaka yakatimiza nne na nusu kwa moja,
kipimo kisichojua mahaba.

"Umeijaza makunyanzi," akasema Bwana Yarub.
Sikumjibu.
Nilimjibu kwenye lifti, peke yangu, kwa ufasaha mkubwa.

Aprili ikanyesha.
Siku mbili wadi zilishuka na milango ya watu, na mbuzi,
na friji moja nyeupe iliyopita wima kama mgeni wa heshima.
Saa kumi jioni ikaingia sauti ya Sleyum, nyuma yake injini:
"Nimesimama kabla ya kivuko. Nilitaka kupita, palionekana shwari.
Ramani yako imeniambia rudi.
Mbaya, wallahi, kama kanga iliyoteleza mashineni.
Sasa hivi maji yamefika. Nayasikia mawe yakigongana humo ndani."

Kimya. Vipangusio vinalia juu ya kioo.
Kisha, kwa sauti ya yule mtoto wa uani:
"Hebu niambie, Shinuna.
Hiyo damu ya mzee yenyewe,
ikoje?"

Nimebonyeza kumjibu mara tatu.
Nimesema moto, nikafuta: moto anaujua kwa joto.
Nimesema pilipili, nikafuta.
Mara ya tatu nimerekodi mvua tu,
dirishani, ghorofa ya nne,
nikamtumia hiyo.